Ceduna hadi Eucla, au Port Augusta hadi Coober Pedy: siku ipi ya barabarani uichague?

Ukitoka Adelaide na hema juu ya gari, safari ndefu ya kupiga kambi kuelekea magharibi au katikati ya Australia itakupitisha Port Augusta, kilomita 310 hivi kutoka mjini. Hapo barabara zinaachana. Eyre Highway inaelekea magharibi, kilomita 1,660 hadi Norseman, na kutoka hapo unateremka Perth. Stuart Highway inalikata bara katikati, kilomita 2,700 hivi hadi Darwin. Ndugu zetu wa hapa, wawe wa asili ya Kongo, Burundi, Kenya au Tanzania, wakianza kupanga likizo ya shule ya Julai huuliza: twende Perth au twende Darwin?

Mimi ningewaomba waliulize vingine. Katika safari ya namna hii sehemu kubwa ya maisha yenu ni ndani ya gari na kando ya lami. Mji wa mwisho mnaufikia mmechoka, au hamuufikii kabisa kwa sababu shule inafunguliwa. Kwa hiyo hapa nalinganisha siku. Nachukua siku moja nzima kwenye kila barabara, zenye urefu unaokaribiana: Ceduna hadi Eucla kwenye Eyre Highway, kilomita 490 hivi, na Port Augusta hadi Coober Pedy kwenye Stuart Highway, kilomita 540 hivi. Zote ni lami mwanzo hadi mwisho, zote gari dogo la kawaida linazimudu, na kwenye zote kikomo cha mwendo ni kilomita 110 kwa saa. Mnaendesha kushoto, kama Dar na Nairobi. Mgeni aliyezoea kulia, kama wa Bujumbura au Goma, apewe zamu fupi za kuanzia, mchana, mahali pasipo na malori mengi.

Kabla ya kuwasha gari

Jambo moja halina tofauti kwa njia zote mbili, nalo nalisisitiza kuliko yote: msiondoke kabla jua halijapanda, na msiwe barabarani linapotua. Kangaruu hula alfajiri na jioni, na hupenda majani mabichi ya kando ya lami, ambako maji ya mvua hutiririkia. Dume la kangaruu mwekundu linaweza kufika kilo 80 na zaidi. Ukiligonga kwa mwendo wa 110 na gari lisilo na ngao ya chuma mbele, rejeta inapasuka na safari inaishia hapo, mbali na fundi yeyote. Kampuni nyingi za kukodisha magari hukataza kabisa kuendesha usiku nje ya miji, na ukikaidi bima hailipi. Usomeni mkataba kabla ya kutia saini.

Mwezi wa Julai jua huchomoza Ceduna kama saa moja na nusu asubuhi, na Port Augusta dakika kumi na tano hivi mapema zaidi. Ondokeni saa mbili. Huo muda wa kungoja si wa kupotea: chemsheni chai ya siku nzima mtie kwenye chupa, pikeni mayai ya kula njiani, kagueni upepo wa matairi likiwemo la spea, na jazeni tangi hadi juu. Mafuta ya Ceduna na ya Port Augusta ni nafuu kuliko yatakayofuata.

Asubuhi ya Ceduna ni ya taratibu. Ni mji wa bahari, maarufu kwa chaza, wenye duka kubwa la mwisho la kueleweka kabla ya Norseman. Mnatoka mjini mnapita mashamba ya ngano. Baada ya kilomita 70 hivi mnafika Penong, ambako wamekusanya vinu vya upepo vya zamani vya kuvuta maji kisimani, vikiwa vimesimama pamoja kwenye uwanja. Dakika ishirini zinatosha hapo, na watoto watazipenda.

Asubuhi ya Port Augusta inabadilika haraka zaidi. Mji ni mkubwa, una kila kitu, na ndani ya nusu saa umepotea nyuma yenu. Ardhi inakuwa nyekundu, vichaka vinakuwa vya kufika gotini, na maziwa ya chumvi yanaanza kuonekana. Mkifika Pimba, kilomita 170 hivi, kateni kulia kilomita chache mwingie Woomera. Ni mji uliojengwa kwa ajili ya uwanja wa majaribio ya makombora ulioanzishwa mwaka 1947, na katikati yake kuna makombora na roketi zilizopangwa nje, unazizunguka bure. Mtoto wa miaka minane au tisa mtamtoa hapo kwa kumvuta mkono. Baada ya hapo Stuart Highway inapita ndani ya eneo la kijeshi la Woomera kwa mwendo mrefu. Lami na maeneo ya kupumzikia ni ruhusa. Kuacha barabara na kuingia porini bila kibali ni marufuku. Kwa hiyo sahauni ile tabia ya kuona njia ya vumbi na kuifuata mpate pa kupigia hema.

Mchana ndio unaozitenga

Hapa ndipo tofauti ilipo, na ningependa msome kwa makini.

Kwenye njia ya Eucla, zawadi ya siku ipo katikati ya siku. Muda mfupi kabla ya kituo cha Nullarbor Roadhouse kuna kibao cha Head of Bight. Mnateremka kilomita 12 za lami hadi ukingo wa bahari, mnalipa kiingilio, mnatembea juu ya njia ya mbao iliyojengwa kwenye mwamba. Kati ya Juni na Oktoba nyangumi wa kusini huja hapo kutoka bahari za baridi karibu na Antaktiki ili wazae na kunyonyesha. Na si wale wa kuonyeshwa kwa kidole mbali kwenye upeo. Wanakaa chini yenu kabisa, mama wa urefu wa mita 15 hivi na mtoto wake ubavuni, wakielea bila haraka. Kichwani wana mabaka meupe magumu, na kila mmoja ana mpangilio wake wa mabaka ambao watafiti huutumia kumtambua. Upepo ukitulia mnasikia pumzi: mlio mzito wa hewa inayotoka, kisha mvuke unapanda umegawanyika pande mbili. Mtoto hupanda mgongoni mwa mama, huteleza, hupanda tena. Watu wanaosimama pale hunyamaza wenyewe bila kuambiwa. Wamirning, wenyeji wa pwani hiyo tangu kale, humhesabu nyangumi kuwa sehemu ya asili yao, na mkisimama pale mtaelewa kwa nini. Tengeni saa mbili, bebeni darubini na makoti mazito, kwa sababu baridi ya upepo ule hupenya sweta.

Baada ya Nullarbor Roadhouse kuna sehemu tambarare isiyo na mti hata mmoja. Wengi hudhani hali itakuwa hivyo safari yote, lakini kwa anayepita barabarani kipande hicho si kirefu. Baadaye vichaka vinarudi. Kilomita 184 zinazofuata hadi Border Village, kituo cha mpakani, barabara inakwenda karibu na bahari, na vibao vinawaelekeza kwenye maeneo ya kutazamia magenge ya Bunda. Bara linakatika ghafla, ukuta wa chokaa zaidi ya mita 60 kwenda chini, na mawimbi yanapiga mguuni pake. Mwamba ule umeliwa kwa chini, kwa hiyo unaposimama ukingoni huenda chini yako hamna kitu. Mtoto mdogo mshikeni mkono tangu mlango wa gari. Nalisema kama mzazi, na silisemi kwa kutia chumvi.

Kwenye njia ya Coober Pedy, mchana ni mwembamba. Kuna Lake Hart, baada ya Pimba, ziwa la chumvi lenye eneo la kupumzikia na choo. Mnaweza kuteremka kwa miguu, mkavuka reli kwa uangalifu na kukanyaga ile chumvi nyeupe inayovunjika chini ya viatu. Ni pazuri kwa chakula cha mchana. Kisha Glendambo, na baada ya Glendambo kilomita 254 hadi Coober Pedy bila kituo cha mafuta, bila duka, bila kijiji. Mnaendesha tu. Dereva anayependa kuendesha ataifurahia. Watoto wa nyuma watauliza tumefika kila baada ya dakika kumi. Msihesabu kuwa siku hiyo itawapa kitu saa nane mchana, kwa sababu haitawapa.

Mafuta, maji na malori

Watu wengi huiogopa zaidi Nullarbor, yaani lile tambarare la njia ya Eucla, na kwa hesabu ya mafuta hofu hiyo imekaa mahali pasipo pake. Kati ya Ceduna na Eucla pengo refu kuliko yote ni zile kilomita 184. Kati ya Port Augusta na Coober Pedy pengo ni 254, na Glendambo ni kituo kidogo, kwa hiyo pigeni simu asubuhi kuhakikisha mafuta yapo na ni ya aina yenu. Ila njia ya magharibi ina upepo. Upepo wa mbele ukikaza, gari lenye hema la juu au karavani linakunywa mafuta kupita hesabu ya nyumbani. Kwenye njia zote mbili mimi hushauri dumu moja la akiba, lita 20, kwa wanaovuta tela.

Kwa maji ni kinyume. Coober Pedy wana maji ya kisima kirefu yaliyosafishwa chumvi, na yanauzwa mjini kwa wenye karavani. Upande wa Nullarbor maji matamu ni shida ya kweli, na vituo vya barabarani haviwezi kuwajazia matangi. Toka Ceduna na maji yote ya kunywa, kupikia na kutawadhia hadi Norseman, na mmoja wenu awe msimamizi wake.

Malori marefu yenye matela yapo kwenye zote. Kwenye Stuart Highway yanaruhusiwa kufika mita 53.5. Msiyapite mpaka muone barabara tupu kwa zaidi ya kilomita moja. Mkiwa na redio koli, iwekeni chaneli ya 40 ambayo madereva wa malori huitumia. Salimieni, semeni mnataka kupita, na mara nyingi dereva atawaambia kama mbele ni salama. Simu za mkononi hushika mitandao mjini na karibu na vituo, kisha hupotea kwa muda mrefu. Mtandao wa Telstra ndio unaofika mbali zaidi.

Friji na saa

Haya mawili yanaihusu njia ya Eucla peke yake. Border Village mnavuka mpaka wa majimbo, na wakaguzi wa Australia Magharibi wanakagua kila gari, usiku na mchana. Matunda mabichi, mboga mbichi, asali, mbegu na mimea haviingii. Mnavikabidhi. Kwa familia inayopika chakula cha nyumbani hili si dogo: vitunguu, nyanya, viazi, sukuma wiki, ndimu, vyote vinaishia pale. Dawa yake ni kupanga. Usiku wa Ceduna pikeni mboga zote zilizobaki, mchana kuleni matunda yote, na baada ya mpaka tegemeeni maharage ya kopo, dengu, mchele na unga. Mkirudi mashariki ukaguzi upo Ceduna, kwa hiyo hesabu ni ileile. Kati ya Port Augusta na Coober Pedy hamvuki mpaka wowote. Friji yenu ni salama.

Saa nayo. Eucla na vituo vya jirani vyake wanatumia saa yao wenyewe, miezi ya baridi dakika 45 nyuma ya Ceduna. Mnaona kama mmezawadiwa muda, na hapo ndipo watu wanapochelewa, kwa sababu jua halijui mpaka. Julai linazama Eucla kama saa kumi na moja na dakika ishirini jioni kwa saa za pale. Mkiondoka Ceduna saa mbili, mkakaa saa mbili kwa nyangumi, mkala, mkasimama kwenye magenge mara mbili na kupita ukaguzi, mtafika karibu saa kumi. Inatosha kupiga hema kwa mwanga, lakini haina nafasi ya uvivu. Coober Pedy jua linazama kama saa kumi na mbili kasorobo, na kwa kuwa mchana hauna vituo vingi, mnaweza kufika saa tisa. Hiyo ni faida kubwa, kama mtakavyoona.

Jioni na usiku

Sasa mizani inageuka. Eucla ni kituo juu ya mlima mdogo, chenye hoteli, mafuta na uwanja wa kambi, na mbele yenu mnaona vilima vya mchanga mweupe na bahari. Chini, karibu na pwani, kuna magofu ya kituo cha simu za maandishi kilichofunguliwa mwaka 1877, mchanga ukiwa umepanda kutani. Ni mahali pa kwenda asubuhi ya pili. Jioni mtapambana na upepo. Tumieni vigingi virefu, funguni kamba zote, na geuzeni mlango wa hema upande usio na upepo. Jiko la gesi lisilo na kinga litamaliza mtungi kabla wali haujaiva.

Coober Pedy ndiyo zawadi ya siku yake. Kilomita kadhaa kabla ya mji mnaanza kuona vichuguu vyeupe na vya waridi, mamia kwa mamia, kila kimoja kando ya shimo. Mwaka 1915 kijana wa miaka 14, Willie Hutchison, aliyefuatana na baba yake kutafuta dhahabu, aliokota opali, kito cha thamani chenye rangi nyingi, hapo, na tangu siku hizo watu wanachimba. Joto la kiangazi liliwafanya wakae ndani ya ardhi: nyumba, makanisa, hoteli, hata eneo la kupiga hema. Hema chini ya ardhi halihitaji kigingi. Kuta zina mistari ya meno ya mashine ya kuchimbia, hewa inabaki ya wastani iwe Julai au Januari, na mkizima taa mnapata giza ambalo mtoto wa mjini hajawahi kuliona. Kwa kuwa mmefika saa tisa, kuna muda wa kwenda kwenye eneo la wazi ambako kila mtu anaruhusiwa kuchakura vifusi na kubaki na alichookota. Mara nyingi mtapata vipande visivyo na thamani ya sokoni, vyenye rangi ndani. Nimeona watoto waliogombana kutwa nzima ndani ya gari wakitulia pale mpaka jua linazama. Nje ya mji vibao vinaonya kuhusu mashimo ya wazi: usitembee kinyumenyume ukipiga picha, na usiache barabara ya miguu.

Neno la pembeni kwa wasomaji Waislamu. Njia hii ya katikati ilifunguliwa kwa ngamia. Wachunga ngamia kutoka Afghanistan, Baluchistan na India walibeba mizigo ya bara hili miaka mingi kabla ya lori, na msikiti wao wa Adelaide, uliojengwa mwaka 1888 na 1889, bado unasaliwa. Swalini Ijumaa pale kabla ya kuondoka. Ngamia wa mwituni mnaoweza kukutana nao njiani ni kizazi cha ngamia wale.

Ninavyoamua

Likizo ikiwa ya Julai, au ya mwisho wa Septemba, na mna wiki mbili, mimi nachagua Ceduna hadi Eucla bila kusita. Hamlazimiki kufika Perth. Mnaweza kulala mahali, mkageuza, na bado mkawa mmeiona siku ambayo watoto wataisimulia wakiwa watu wazima. Kwa wenye wazee ndani ya gari pia nachagua hii, kwa sababu vituo vya choo na chai viko karibukaribu zaidi, na njia ile ya mbao haina ngazi za kuwachosha kama hawana haraka.

Nje ya miezi ya nyangumi uamuzi unahama. Mwezi wa Aprili au Mei magenge bado yapo, lakini siku ya Eucla imepoteza moyo wake, na hapo Coober Pedy inashinda. Inashinda pia kama mna wiki moja tu: ni kilomita 850 hivi kutoka Adelaide, wakati Head of Bight inazidi 1,000. Na kama nia yenu ni kuendelea hadi Uluru, hamna mjadala, siku hii mtaipita vyovyote vile, kwa hiyo ipangeni vizuri na msiikimbize hadi Marla, kituo kilicho mbele zaidi kaskazini.

Desemba hadi Februari simshauri mtu yeyote mwenye hema na watoto kuchukua yoyote kati ya hizi. Nullarbor ilifika nyuzi 49.9 tarehe 19 Desemba 2019, na mwisho wa mwezi huohuo moto wa msituni uliifunga Eyre Highway karibu wiki mbili upande wa Norseman. Stuart Highway nayo ilikatwa na mafuriko karibu na Glendambo mwishoni mwa Januari 2022, malori yakapanga foleni siku nyingi. Miezi ya baridi haina dhamana kamili, lakini angalau ukikwama hufi kwa joto. Asubuhi ya kuondoka angalieni taarifa za barabara za serikali ya jimbo, kisha wekeni nafasi ya kambi mapema: Eucla kwa sababu viwanja vyenye umeme ni vichache, Coober Pedy kwa sababu kambi ya chini ya ardhi hujaa haraka wakati wa likizo za shule.